Wamekuvuta Mtandio Kwenye Basi? Ripoti Kwanza, Voisi Noti Baadaye

Ndugu zangu mlioko huku Uingereza, Wabarawa, Wazanzibari, wa Mombasa, wa Dar, wa Goma na Bujumbura, salaam. Nipo kwenye dawati la kupokea ripoti za chuki katika kituo cha jamii, na ofisi imeniomba niandike haya kwa Kiswahili manake tangu fujo za kiangazi cha 2024 dhidi ya Waislamu na wahamiaji malalamiko yamekuwa mengi, na mengi yanatufikia yakiwa yameshapoa. Takwimu za serikali za England na Wales kwa mwaka ulioishia Machi 2025 zinaonyesha makosa ya chuki ya kidini dhidi ya Waislamu yalipanda kutoka 2,690 hadi 3,199, na hapo polisi wa Metropolitan wa London hawamo kwenye hesabu. Halafu hizo ni zile zilizoripotiwa tu. Zenu mlizozimaliza kwenye grupu la WhatsApp kwa "pole sana dada, Mungu yupo" hazimo.

Niseme mapema, ninaeleza utaratibu wa jumla, sitoi ushauri wa kisheria kwa kesi yako wewe, kila kesi ina mambo yake.

Kitu kinachonichosha kuliko vyote ni hii imani kwamba bila damu hakuna kesi. Jamani. Kutemewa mate ni shambulio. Kuvutwa mtandio ni shambulio. Kupigiwa kelele za vitisho kituo cha basi ni kosa la utulivu wa umma. Na kwa polisi kuliandika tukio kuwa ni la chuki hawahitaji wewe uthibitishe lolote siku hiyo, inatosha wewe uliyetendewa, au hata abiria aliyekuwa anaangalia, kuona kwamba limetokana na uadui wa dini au rangi. Utaratibu huu umetokana na ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyokuja baada ya kijana Mweusi Stephen Lawrence kuuawa Eltham mwaka 1993 na polisi kuvuruga upelelezi, na haukuja wenyewe, wazazi wake na watu wa mtaani walihangaika nao miaka.

Ila kuandikwa ni jambo moja na kushinda mahakamani ni jambo jingine. Mahakamani lazima uadui uthibitishwe, na hapa ndipo watu wetu wanapoangusha kesi kwa sababu ya haya. Mama amefika, amekaa, chai anayo, nikimuuliza huyo mtu alisema nini ananijibu "alinitolea maneno mabaya". Maneno gani mama? "Ah mwanangu, siwezi kuyatamka, we andika tu matusi." Naelewa malezi yetu, lakini hayo maneno ndiyo ushahidi wenyewe, bila hayo kesi ya chuki inageuka ugomvi wa kawaida wa kugombea siti. Kama huwezi kuyatamka yaandike kwenye karatasi kwa Kiingereza kilekile alichokitumia, hata spelingi ikikosewa, au mpe binti yako ayaandike. Na kama amekuita kwa rangi yako halafu akauvuta mtandio, sema yote mawili yaandikwe, rangi na dini, manake mara nyingi dada Mweusi mwenye hijabu anaandikiwa rangi peke yake halafu la dini linapotea.

Andika pia namba ya basi, lilikuwa linaelekea wapi, saa ngapi, ulikaa juu au chini. Picha za kamera hazikai milele, zinafutwa baada ya muda mfupi, ukija wiki ya nne tutaomba lakini usitegemee sana. Meseji za matusi usizifute kwa hasira, piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti na tarehe.

Hatari ikiwa mbele yako piga 999. Kama imeshapita, 101, au ripoti kwenye tovuti ya polisi, au njoo kwenye dawati kama letu tukuripotie, hata bila kutaja jina lako kama hutaki. Omba mkalimani, ni bure, sema unataka Kiswahili, na kama ni Mbarawa useme Chimwiini, Kiswahili cha Barawa kule Somalia, usije ukaletewa mkalimani wa Kisomali mkabaki mnaangaliana. Usiondoke bila namba ya kesi. Usiondoke bila namba ya kesi, narudia, manake bila hiyo sisi hatuna pa kushika. Polisi wakichukua maelezo, omba pia uandikiwe maelezo binafsi ya mwathirika, yale yanayoeleza tukio limekuathiri vipi, kwamba siku hizi hupandi basi usiku na umeacha shifti, hakimu huyasoma kabla ya kutoa adhabu.

Adhabu watu huniuliza kila siku. Kwa England na Wales, chini ya Sheria ya Makosa ya Jinai na Vurugu ya 1998, shambulio dogo ambalo kawaida mwisho wake ni miezi 6 jela linaweza kufika miaka 2 likiwa na uadui wa rangi au dini. La kuumiza mwili linatoka miaka 5 hadi 7. Kuharibu mali, mwisho unatoka miaka 10 hadi 14. Dini iliongezwa kwenye sheria hiyo mwaka 2001, mwanzoni ilikuwa rangi tu. Kuchochea chuki kwa umma kunaweza kufika miaka 7, lakini angalieni tofauti, kwenye rangi yanatosha maneno ya matusi, kwenye dini lazima yawe ya vitisho na nia ya kuchochea ithibitishwe, na kwa yote mawili Mwanasheria Mkuu lazima aridhie kwanza mashtaka. Kwa hiyo mtu akisema hadharani haipendi dini yako, hilo peke yake siyo kosa, msitupigie simu ya usiku kwa hilo. Scotland wana sheria yao, imeanza kutumika 1 Aprili 2024.

Polisi wakimhoji mtuhumiwa halafu wakaamua hawamshtaki, una haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, omba mapema, usipitishe miezi mitatu. Ya kazini ni njia nyingine kabisa, unaanzia Acas, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, halafu baraza la kazi (employment tribunal), na muda ni miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio. Mmesikia utarefushwa uwe sita, wewe hesabu mitatu mpaka uone umeanza. Duka au shule iliyokubagua ni mahakama ya kaunti, miezi sita kasoro siku moja.

Wasio na makaratasi, hapa nakuwa mwangalifu. Siwezi kukuahidi kwamba polisi hawatazungumza na uhamiaji, wanaweza. Ongea na mwanasheria kwanza, au tumia njia ya kuripoti bila jina.

Sasa hili la kujipanga. Usiku wa kuamkia 5 Juni 2013 kituo cha Wabarawa cha Muswell Hill, kaskazini mwa London, kilichomwa moto, ukutani pakakutwa herufi EDL, yaani English Defence League, kundi la kupinga Waislamu, wiki mbili tu baada ya mwanajeshi Lee Rigby kuuawa Woolwich. Watu wengi wanakumbuka moto tu. Mimi nakumbuka yaliyofuata, jamii ndogo, wengi wao walioikimbia vita Barawa, wakaungana na makanisa na masinagogi ya Barnet, wilaya hiyo ya London, Wayahudi wakafungua milango Waislamu wapate pa kukutana Ramadhani, halafu wote pamoja wakaenda kuibana kaunsili kuhusu jengo jipya, mkutano baada ya mkutano, miaka. Southport 2024, watoto watatu waliuawa kwa kisu, uzushi ukasema aliyewaua ni mkimbizi Mwislamu, wakati ni mzaliwa wa Cardiff na si Mwislamu, msikiti ukashambuliwa 30 Julai, kesho yake majirani wakaja na matofali na saruji kujenga ukuta. Liverpool, imamu Adam Kelwick wa msikiti wa Abdullah Quilliam alitoka na kuwagawia chakula waliokuja kuandamana dhidi yao, wengine wakaishia kuongea naye. Na 7 Agosti maelfu walijaa Walthamstow, London, kuwazuia wafanya fujo waliotarajiwa, na fujo hazikutokea.

Mazuri hayo, lakini maandamano ni ya siku moja. Mkitaka diwani na kamanda wa polisi wa eneo wawasikilize, nendeni na orodha: tarehe, mahali, namba ya kesi. Ukimwambia "tunabaguliwa sana" atakupa pole na biskuti. Ukimwambia ndani ya miezi hii dada zetu wameshambuliwa kituo hikihiki cha basi, na namba za kesi ni hizi, atafungua daftari. Halafu muulize swali moja tu, lenye jibu la ndiyo au hapana, kwa mfano je, mtaweka doria saa nne usiku wanapotoka wafanya usafi na waangalizi wa wazee? Akisema ndiyo, kuanzia tarehe gani? Mmoja wenu aandike jibu, na aliyejibu atumiwe barua pepe usiku huohuo.

Na kwenye magrupu yetu tuangaliane. Kuna Waswahili wenzetu Wakristo wanafowadi klipu zilezile za kuwatukana Waislamu, kana kwamba wale waliotaka kuchoma hoteli Rotherham yenye wakimbizi ndani, kwenye fujo zilezile za 2024, walikuwa wanauliza ubatizo kwanza. Kuna Waislamu pia wanaomwita Mweusi mwenzao majina nisiyoyaandika hapa. Na kuna uzushi wa "leo wanakuja kuchoma msikiti fulani", tangu Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023 anayetuma habari anayojua ni ya uongo kwa nia ya kudhuru anatenda kosa. Aliyefowadi kwa kuamini hashtakiwi kwa hilo, ila wamama wanakuwa wameshafungiwa ndani na watoto hawakwenda madrasa, kwa hiyo piga simu msikitini uulize kabla hujabonyeza.

Dawati halilipishi, njoo na mtu unayemwamini kama unaogopa kuja peke yako, na karatasi yako yenye yale maneno.