Taya la mla nyama: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi huamini kuwa mla nyama hutambuliwa kwa chonge. Lakini kiboko ana chonge za kutisha, na chakula chake ni majani. Chonge hukamata, huua na hupigana. Kazi ya kula nyama iko nyuma zaidi. Huko, jino la juu lenye makali hupita ubavuni mwa lile la chini kama mkasi. Mtazame paka akipewa kipande kigumu cha nyama: hulaza kichwa upande na kukitafuna kwa pembe ya mdomo. Kiungo cha taya lake hufungua na kufunga tu, hakiendi huku na huku kama cha ng'ombe, kwa hiyo paka hukata na kumeza, hasagi.

Dhana nyingine: fisi ana taya zenye nguvu vile kwa sababu anaishi kwa mizoga. Hapa fisi madoa ameonewa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa wanyama Hans Kruuk aliwafuatilia Serengeti na Ngorongoro, akaonyesha kuwa sehemu kubwa ya chakula chao huiwinda wenyewe, na Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliowapora. Taya lile ni la kuvunja mifupa, iwe ya mzoga au ya nyumbu aliyemwangusha mwenyewe. Meno mazito ya kuvunjia yapo mbele ya yale ya kukatia, hivyo makali hayaharibiki.

Je, ukoo mmoja maana yake taya moja? Hapana. Fisi mdogo, spishi nyingine ya ukoo wa fisi inayopatikana pia Kenya na Tanzania, hula mchwa kwa kuwaramba. Magego yake yamebaki vijino vidogo vilivyoachana, ila chonge zipo, maana bado anapigania eneo lake. Panda naye ni dubu anayeishi kwa mianzi: magego yamepanuka, misuli ya taya imenenepa, lakini utumbo umebaki mfupi kama wa wala nyama.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba mnyama akilitumia sana taya lake, watoto huzaliwa na taya hilo. Mwaka 1917 Mmarekani Ned Hollister alilinganisha mafuvu ya simba wa Afrika Mashariki waliokulia kwenye bustani ya wanyama ya Washington na ya wenzao wa porini. Ya bustanini yalikuwa mafupi na mapana zaidi, kwa sababu misuli iliyokosa kazi ya kuua na kurarua haikuvuta mfupa ipasavyo. Mabadiliko hayo humhusu simba aliyekulia bustanini pekee. Watoto wake hawayarithi. Umbo la spishi hubadilika pale wenye taya linalofaa zaidi kwa chakula kilichopo wanapoacha wazao wengi kuliko wengine, kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana watafiti wengi wanaopima taya ili kuelewa mageuzi huyaweka kando mafuvu ya wanyama wa bustanini.