Mtambo wa Kwanza, Nani Ataukopesha?

Jiweke kwenye kiti cha ofisa mikopo wa benki. Mezani una faili la kampuni inayotaka kujenga mtambo wa umeme wa aina mpya. Majaribio yamefanyika, mtambo mdogo wa mfano umewaka, hesabu zinaonyesha faida. Unauliza swali ambalo ofisa yeyote makini angeuliza: mitambo mingine kama huu iko wapi, na imefanya kazi miaka mingapi? Unajibiwa kwamba huu ndio wa kwanza. Unalifunga faili, na hujakosea, maana fedha unazozilinda ni akiba za watu.

Hapo ndipo teknolojia nyingi za nishati hukwama, wakati maabara ilishamaliza kazi yake. Programu ya simu inaweza kuanza na watumiaji mia moja, ikaharibika jioni na ikarekebishwa usiku huohuo. Mtambo wa umeme hauna anasa hiyo: zege likishamwagwa limemwagwa. Tena bidhaa yenyewe haina cha kumvutia mteja. Umeme ni umeme, na taa haijui umeme wake umetoka wapi, kwa hiyo ni nadra mtu kukubali kulipa zaidi eti kwa sababu mtambo ni mpya. Ndiyo maana wito wa “serikali isaidie utafiti” hugusa nusu tu ya jambo. Mtu anayekosekana ni yule wa kubeba gharama ya kutangulia.

Denmark iliwahi kulifanya hili kwa ustadi. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, nchi hiyo, iliyokuwa ikitegemea mno mafuta ya kununua nje, ilianza kutafuta njia nyingine. Mwaka 1978 kituo cha kupima mitambo ya upepo kilifunguliwa huko Risø, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kulipia asilimia 30 ya gharama ya mtambo. Mfadhiliwa alikuwa mnunuzi, si mtengenezaji, na ruzuku ilitoka tu iwapo mtambo umeidhinishwa na wakaguzi wa Risø. Wakaguzi hao walishikilia sana suala la breki, kwani mtambo usioweza kujizuia kwenye dhoruba hupasua mapanga yake na kuyarusha mbali. Kwa hiyo mkulima aliyenunua mtambo alijua kuna mtu aliyeukagua kabla yake, na fundi aliyeutengeneza alijua kwamba kazi mbovu haitauzika. Kwangu mimi, sharti hilo lilikuwa na thamani kuliko fedha zenyewe. Ruzuku ilipunguzwa kidogo kidogo na kufutwa mwaka 1989. Miaka miwili baadaye Denmark ilikuwa na shamba la kwanza la upepo baharini, Vindeby: mitambo 11, yote kwa pamoja haikufikisha megawati 5. Leo mtambo mmoja wa baharini unaweza kutoa megawati 15.

Marekani ilipita njia ya mikopo. Sheria ya nishati ya mwaka 2005 iliiruhusu wizara ya nishati kudhamini mikopo ya teknolojia ambazo benki zinaziogopa. Mkopaji akishindwa, hazina ya serikali ndiyo inayolipa. Watu wanaikumbuka Solyndra, kampuni ya paneli za jua iliyopata dhamana ya dola milioni 535 mwaka 2009 na kufilisika mwaka 2011. Kinachosahaulika ni sababu. Paneli zake za mirija zilifanya kazi. Zilibuniwa ziepuke silikoni, malighafi ya paneli za kawaida, wakati silikoni ilipokuwa ghali, kisha bei ya silikoni ikaporomoka na paneli za kawaida zikawa rahisi kuliko zake. Mhandisi anaweza kukuhakikishia kwamba kifaa kitawaka, lakini hawezi kukuhakikishia bei ya mshindani.

Kwenye ofisi ya mikopo ya wizara hiyohiyo, Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilikopa dola milioni 465 mwaka 2010 na kumaliza deni mwaka 2013, miaka tisa kabla ya wakati. Serikali ilipata riba yake, basi. Thamani ya kampuni ilipopaa, serikali haikuwa na fungu. (Hasara ya Solyndra, kwa upande mwingine, iliingia kwa mlipakodi.) Mpango wa namna hii hauwezi kupimwa kwa mkopo mmoja, uwe mzuri au mbaya. Unatazamwa kapu zima, na ukiona mwaka hadi mwaka hakuna hata mkopo mmoja ulioharibika, shuku kwamba ofisi inakopesha wale ambao benki zingewakopesha vilevile.

Teknolojia ikishavuka mtambo wa kwanza, inahitaji uhakika wa bei. Uingereza hutumia mkataba wa tofauti ya bei. Tuseme mzalishaji ameahidiwa pauni 50 kwa kila megawati-saa. Soko likiwa pauni 35, analipwa 15 za nyongeza; likipanda hadi 80, yeye ndiye anarudisha 30. Benki hupenda mkataba huu kwa sababu mapato yanajulikana kwa miaka mingi. Bei hutafutwa kwa mnada: mwenye kutaka kidogo ndiye anayechukuliwa.

Kwa upepo wa baharini matokeo yalishangaza hata wataalamu. Mwaka 2015 washindi walihitaji karibu pauni 120, kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012 iliyotumika kwenye minada hiyo. Mwaka 2019 walikubali takriban 40. Serikali ikazoea kushuka. Mwaka 2023 iliweka ukomo wa bei wa pauni 44, ilhali chuma, riba na vipuri vilikuwa vimepanda, na siku ya mnada hakuna hata mradi mmoja wa upepo wa baharini uliojitokeza. Mwaka uliofuata ukomo ulipandishwa hadi 73. Kampuni zikarudi, na zilizoshinda ziliomba chini ya 60.