Chipukizi Yuko Tayari Lini? Kupandisha Wachezaji Katika Out of the Park Baseball

Wanaoanza kucheza Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta wa kuendesha klabu ya besiboli, wengi wao huponzwa na nyota zinazoonyesha ubora wa mchezaji. Wanafungua ukurasa wa kijana wa miaka 19, wanakuta upeo wake umejaa nyota, wanamrusha Double-A kabla hata ya mwezi Juni (ngazi za ligi ndogo, kutoka chini, ni Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, kisha ligi kuu). Kumbe upeo ni makadirio tu ya skauti, yule mpimaji wa vipaji, yaani mtu huyu anaweza kufika wapi mambo yakimwendea vizuri. Anayeingia uwanjani leo kushindana na warushaji wa Double-A anaingia na kiwango chake cha sasa. Kwa hiyo mimi huangalia upeo ninapoamua nani anastahili uvumilivu wangu. Kuhusu lini apande, naangalia kiwango cha sasa, tena sifa moja moja.

Kwa wapigaji, sifa ya kwanza ninayoisoma ni uwezo wa kuepuka kutolewa kwa straiki tatu, kisha jicho la kutambua boli, yaani mrusho unaopita nje ya eneo la kupigwa. Nguvu inaweza kuja baadaye. Tuseme una mchezaji wa High-A anayepiga kwa wastani wa .310, yaani hiti 31 (mapigo yanayomfikisha kwenye besi) katika kila mapigo rasmi 100. Ukifungua takwimu zake unaona kwamba katika kila zamu 100 za kupiga, anatolewa kwa straiki mara 30 na anapata besi ya bure kwa boli nne mara 4 tu. Mipira anayoigusa na ikabaki uwanjani inageuka kuwa hiti kwa wastani wa .415, wakati kawaida ni karibu na .300. Huyo mwache hapo hapo. Mwenzake anapiga .255, lakini straiki zake ni 12 na boli nne ni 12. Bahati ndiyo iliyomkalia vibaya, na kiwango kile hakina jipya la kumfundisha. Huyu ndiye wa kupanda.

Naamini sana kipimo hiki kwa sababu straiki na boli nne hutulia mapema, baada ya zamu 100 au 150 hivi. Wastani wa kupiga unaweza kukudanganya msimu mzima.

Kwa warushaji, swali langu ni udhibiti. Mrushaji mwenye mpira mkali huwatesa wapigaji wa ligi za chini hata asipojua anaulenga wapi, maana vijana wale wanakimbilia boli ambazo wapigaji wa juu wataziacha zipite. Ukimpandisha, besi zinajaa bila hiti hata moja. Hesabu pia aina za mirusho. Mwenye mirusho miwili tu, hata akitawala akiwa mwanzishaji wa High-A, ukweli ni kwamba unamlea mrushaji wa akiba. Huyo unaweza kumpandisha haraka zaidi, kwani hana mrusho wa tatu wa kujifunza.

Ngazi zenyewe hazilingani. Kutoka High-A kwenda Double-A ndiko kunakochuja kweli, kwa kuwa pale kijana anakutana na warushaji wanaoweza kutupa mrusho wao wa aina ya pili ndani ya eneo la kupigwa wakati wowote. Triple-A imejaa wakongwe waliokwisha kuonja ligi kuu, na katika Pacific Coast League viwanja vya miinuko kama Albuquerque na Reno hupandisha takwimu za wapigaji kupita kiasi. Mtu anayepiga .300 pale hajanishawishi mpaka nione takwimu iliyorekebishwa, ile ambayo 100 ndiyo wastani wa ligi. Kwa mpigaji mwenye jicho zuri, Triple-A inaweza kurukwa kabisa. Juan Soto alianza msimu wa 2018 katika Single-A, akacheza mechi 8 tu za Double-A, na mwezi Mei akaitwa na Washington Nationals akiwa na miaka 19. Alimaliza msimu huo akifika besi kwa wastani wa .406, na homrani 22 (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja). Watu wa namna ile ni nadra, lakini tazama kilichombeba: jicho.

Jambo ambalo silikubali hata kidogo ni kumpandisha chipukizi akakae benchi. Injini ya mchezo huu huzingatia muda wa kucheza na ugumu wa ngazi. Ngazi ikiwa rahisi mno kijana anadumaa, ikimzidi anarudi nyuma, na asipocheza anakosa yote mawili. Kabla sijamwita mtu ligi kuu nahakikisha nafasi ya kila siku ipo. Isipokuwepo, abaki chini azoee nafasi nyingine uwanjani. Shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, anayeweza pia kulinda besi ya pili ana milango miwili ya kuingilia.

Kisha kuna kalenda. Mwaka kamili wa utumishi ligi kuu ni siku 172, msimu una siku zipatazo 187, na miaka sita ya utumishi humfanya mtu kuwa mchezaji huru, anayeweza kusaini na klabu yoyote. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwita Kris Bryant tarehe 17 Aprili. Alimaliza na siku 171, na klabu ikabaki na haki juu yake mwaka mmoja zaidi. Alilalamika rasmi, akashindwa mwaka 2020. Mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji umepunguza faida ya hila hiyo, kwani anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mchezaji mpya bora hupewa mwaka kamili wa utumishi. Msimamo wangu ni huu: timu ikiwa inawania ubingwa, mchezaji bora aanze siku ya kwanza. Timu ikiwa inajengwa upya, wiki mbili za Aprili hazikupotezei kitu, basi subiri.

Orodha ya wachezaji 40, wale ambao klabu inawalinda wasichukuliwe na wengine, nayo ina saa yake. Kijana akishaingia humo, ana misimu mitatu ya kushushwa bila kupitia orodha ya wanaoachwa, ambako klabu nyingine zinaweza kumchukua. Usimwingize mapema bila sababu. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini unaweza kumweka nje ya orodha kwa misimu mitano kabla hajawa wa kuchukuliwa katika Rule 5 Draft ya Desemba, ambapo klabu huchagua wachezaji wa wenzao walioachwa nje ya orodha hiyo. Aliyesajiliwa na miaka 19 au zaidi, minne. Novemba ndipo ninapokaa na majina hayo, na skauti wangu akitofautiana sana na OSA, shirika la maskauti lililomo ndani ya mchezo, nasoma takwimu kabla ya kumwamini yeyote.

Kwa utaratibu, napitia ngazi zote kila mwanzo wa mwezi kuanzia Mei, na naanzia juu kushuka chini. Mmoja akitoka Triple-A kwenda ligi kuu, nafasi nne zinafunguka chini yake, na wale waliokwama kwa kukosa nafasi wanapata pa kwenda.

Na akishafika juu, mpe angalau zamu 150 kabla hujamhukumu. Mike Trout aliitwa na Angels Julai 2011 akiwa na miaka 19, akapiga .220 katika mechi 40. Mwaka uliofuata alipiga .326 na kuwa mchezaji mpya bora kwa kura zote, na bado alihesabiwa mpya kwa sababu mwaka 2011 alipiga rasmi mara 123 tu, na ukomo ni 130. Ukiona straiki hazipungui na boli nne zimetoweka, mshushe bila kuona haya. Kumbuka tu kwamba siku zake chini zikifika 20 katika msimu huo, mmoja kati ya ile misimu mitatu umekwisha kutumika.