LSAT haikaririwi, na ndiyo maana inawamaliza wakariri

Wengi wanaonijia kujiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria hapa Marekani, wamelelewa na mitihani ya kwetu. Wanajua kukesha. Wanajua kumeza noti, kupiga pasti pepa mpaka maswali yaanze kujirudia, kisha kuingia chumba cha mtihani macho mekundu na kichwa kimejaa. Mbinu hiyo imewafikisha mbali, na siidharau. Ila kwenye LSAT ndiyo inayowachosha hadi wanalichukia daftari lenyewe wiki chache kabla ya tarehe.

Mtihani huu hauna silabasi ya kumeza. Agosti 2024 yale mafumbo maarufu ya kupanga nani akae wapi na nani atangulie yaliondolewa. Zimebaki sehemu nne za dakika 35 kila moja: moja ya ufahamu, mbili za hoja za kimantiki, na moja ya majaribio isiyohesabiwa ambayo hutaambiwa ni ipi. Zile mbili za hoja zinazohesabiwa zina maswali kama 25 kila moja, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Hakuna kifungu cha sheria kinachoulizwa humo. Unapimwa kama unaliona pengo kati ya ushahidi na hitimisho.

Chukua hoja hii: hakuna anayepanda kivuko bila tiketi, Asha ana tiketi, kwa hiyo Asha amepanda kivuko. Ukiwa umelala vizuri utacheka. Tiketi ni sharti la kupanda, lakini haimlazimishi mtu kupanda. Sasa lifiche kosa hilohilo ndani ya aya nzito kuhusu visukuku au hakimiliki, uisome saa sita usiku ukitoka zamu ya pili, nawe utalipita bila kushtuka. Ujuzi unao, jicho ndilo limechoka. Kesho yake unakagua majibu, unaamini hujui kitu, unaongeza saa mbili za kusoma. Saa hizo unazitoa kwenye usingizi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa aina hii kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kiakili au kuichukia, na kuona ufanisi umeshuka. Shirika liliuweka kwenye mambo ya ajira tu, si masomo. Lakini wanafunzi wangu wengi wanatoka kuhudumia wazee au kuendesha teksi ndipo wafungue kompyuta, kwa hiyo mpaka huo kwao hauna maana kubwa. Mimi naiangalia zaidi dalili ya pili. Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi wa Jumapili. Mtu akianza kuniambia watunga maswali hawana akili, na kila jibu sahihi analibishia, simpi tena kazi ya nyumbani.

Chanzo kikubwa ninachokiona ni kujipima kupita kiasi. Kufanya mtihani kamili wa mazoezi kila siku ni kama kufunua sufuria ya wali kila dakika: mvuke unatoka, wali hauivi. Alama za LSAT huanzia 120 hadi 180, na waandaaji wenyewe huitoa alama ya mtu pamoja na wigo wa karibu pointi tatu juu na tatu chini, kwa sababu kipimo chochote kina kuyumba kwake. Maana yake, kupata 158 Jumamosi na 156 Jumanne si habari. Aliyechoka ataisoma kama msiba.

Kwa hiyo ninaruhusu mtihani kamili mmoja kwa wiki. Kwa mwenye kazi za zamu, mmoja kila wiki mbili. Siku nyingine ni za kuurudia. Wakati wa mtihani unaweka alama kwenye kila swali lenye shaka. Kabla ya kuona majibu, unayarudia maswali hayo bila kupimwa muda, na unaandika kwa sentensi moja kwa nini kila chaguo ulilolikataa ni baya. Andika kwa Kiswahili ukipenda. Usipoweza kulieleza kwa lugha ya nyumbani, hujalielewa. Kisha linganisha. Ukipata 157 ukipimwa muda na 168 bila kupimwa, mantiki unayo, tatizo ni mwendo. Alama zikikaribiana, rudi kwenye aina za makosa ya hoja, moja moja, taratibu.

Aliyekwisha kuchoka kabisa namsimamisha wiki nzima. Asifungue hata video. Anaporudi, anaanza na maswali kumi tu bila kupimwa muda. Hapo huja hofu: tarehe je? Ndugu kwenye kundi la WhatsApp wanauliza kama amefaulu (mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli, lakini nenda ukamweleze shangazi). Jibu langu ni kwamba nafasi za kuufanya zina ukomo: mara tano ndani ya miaka mitano, mara saba maishani, kwa hiyo usiipoteze moja ukiwa umechoka. Kweli, vyuo vingi hufungua maombi karibu na Septemba na kuamua kadiri yanavyofika, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Bado naona heri alama nzuri ya Januari kuliko mbovu ya Oktoba, maana ufadhili wa vyuo hivi huitazama sana alama hiyo.

Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa wiki kadhaa, mwone daktari. Mwalimu wa mantiki hana dawa hiyo.

Na wewe uliyekuja na LLB yako, shahada ya kwanza ya sheria, kutoka Dar es Salaam au Nairobi, jiulize kwanza unataka shahada gani. JD, shahada ya sheria ya Marekani ya miaka mitatu, ndiyo inayodai mtihani huu au mwingine unaofanana nao. Programu za LLM, yaani uzamili wa sheria, kwa kawaida haziudai.