Viza ya kazi Uingereza: yanayosemwa Unguja na Pemba, na kanuni zilivyo sasa

"Tangulia wewe, mkeo na watoto watakufuata." Maneno haya bado yanasemwa Darajani na Chake Chake, na bado kuna watu wanauza viwanja kwa kuyaamini. Ubaya wake ni kuwa zamani yalikuwa kweli. Februari 2022 Uingereza iliwafungulia walezi wa wazee na wagonjwa viza ya Afya na Ulezi, na waliowahi walichukua familia zao kihalali. Jirani aliyeondoka na wanawe mwaka 2023 hakumdanganya mtu. Anayewapoteza watu ni yule anayeisimulia safari hiyo leo kana kwamba njia bado ipo.

Kanuni zimebadilika mara mbili. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mlezi anayeanza kuingia kwa viza hiyo haruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Kisha tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ulifungwa: waajiri hawawezi tena kuchukua walezi wapya kutoka nje ya nchi. Waliokwishakuwa na viza hiyo kabla ya 11 Machi 2024 wamebaki na haki ya kuleta familia, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Wawili wanafanya kazi nyumba moja ya wazee, mmoja anaishi na wanawe, mwenzake hana ruhusa hiyo, na wote wawili wanapiga simu nyumbani kueleza hali yao. Sisi huku tunasikia habari moja tu, ile tunayoipenda.

Kwa hiyo wakala anayekuahidi leo kazi ya kulea wazee Uingereza, nawe uko Zanzibar, anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Wapo wanaoamini kuwa hati ya udhamini hununuliwa. Hati hiyo hutolewa na mwajiri mwenye leseni, kwa kazi maalumu, na gharama ya kuitoa ni yake. Tangu 31 Desemba 2024 kanuni zinamkataza kumtwisha mfanyakazi mwenye ujuzi mzigo huo. Gharama halali za mwombaji ni nyengine, nazo si ndogo: ada ya viza, na juu yake tozo ya afya, yaani malipo ya kutumia hospitali za serikali kule, ambayo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza, zikilipwa zote mwanzoni. Mume, mke na watoto wawili kwa miaka 3 ni pauni 10,866 za tozo peke yake. Wenye viza ya Afya na Ulezi wamesamehewa tozo hii.

Orodha ya waajiri wenye leseni iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na kuisoma ni bure. Lakini jina kuwemo humo hakuthibitishi kuwa kazi ipo. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, leseni zaidi ya 470 za sekta ya ulezi zilifutwa. Mdhamini akifutiwa leseni, mfanyakazi kwa kawaida hubakiwa na siku 60 za kupata mwengine au kuondoka.

Kwa viza ya kawaida ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kazi nyingi sasa lazima ziwe za kiwango cha shahada, na mshahara kwa kawaida usipungue pauni 41,700 kwa mwaka. Mpishi hodari wa hoteli ya Nungwi, ambaye mwanzoni mwa 2025 angeweza kuombewa viza hii, sasa hayumo.

Linaloniumiza zaidi ni jambo la nani anahesabiwa familia. Sisi nyumba moja ina bibi, shangazi na mtoto wa marehemu dada anayemwita mjomba wake baba. Kanuni za viza ya kazi zinamtambua mwenza na watoto walio chini ya miaka 18 siku ya kuomba, basi. Mama mzazi hayumo. Mdogo wako unayemsomesha skuli hayumo. Mtoto wa dada, kwa kumlea tu, hayumo. Hata mtoto wako wa kumzaa ana masharti: mzazi mwenzako akibaki Unguja, kwa kawaida utatakiwa kuthibitisha kuwa malezi yote yako juu yako peke yako. Mwenye wake wawili hawezi kuwachukua wote kama wake, maana sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1988 inamzuia wa pili pale mwenzake alipokwishaingia.

Ndoa iwe imesajiliwa na cheti kipo, na kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa cha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Majina yasomeke sawasawa na kwenye paspoti, jina la baba na la babu, herufi kwa herufi. Sahihisha kabla ya kuomba. Ukighushi ukakamatika, unaweza kuzuiwa kuingia kwa miaka 10.

"Nenda kwa viza ya matembezi, utabadilisha ukifika": haiwezekani kuigeuza kuwa ya kazi ukiwa kule, na kufanya kazi nayo ni kuvunja sheria. "Mtoto akizaliwa kule ni raia": tangu 1 Januari 1983 hapana, mpaka mmoja wa wazazi awe raia au mkaazi wa kudumu.

Sasa umezuka uvumi wa upande wa pili, kuwa Uingereza imefunga kila kitu. Si kweli. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kupata viza ya Afya na Ulezi na kuchukua mwenza na watoto. Lazima apite usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la kule, wenye mtihani wa Kiingereza na mitihani ya taaluma. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa hiyo mwongozo wa Uingereza unawakataza waajiri na mawakala kuja kuwasaka wauguzi hapa. Muuguzi aliyesoma chuo cha afya cha Mbweni anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, bila ya kumlipa wakala hata shilingi.