Je, wajua kwa nini kabati moja la maabara hutumia nishati nyingi kuliko nyumba tatu?

Chuo kikuu kikitaka kupunguza matumizi ya nishati, macho huenda kwanza kwenye taa na kompyuta zinazoachwa zikiwaka usiku kucha. Kuzizima ni jambo jema. Lakini palipo na maabara za kemia, mlaji mkubwa mara nyingi ni kifaa ambacho wanafunzi wa fani nyingine huenda wasikione hadi wahitimu: kabati la kufyonza mvuke.

Ni kabati pana lenye kioo mbele kinachopandishwa na kushushwa. Mkemia huingiza mikono chini ya kioo na kumimina asidi au viyeyushi vyake humo ndani, na feni, ambayo kwa kawaida hufungwa juu ya paa, huvuta mvuke kwa bomba na kuutoa nje kabla haujamfikia puani. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, walikadiria kwamba kabati moja la kawaida hutumia nishati mara tatu na nusu ya nyumba ya wastani ya Mmarekani.

Wengi wakisikia hivyo huilaumu feni, kwa sababu ndiyo inayovuma. Feni inachangia, ila mzigo mkubwa uko kwenye hewa yenyewe. Hewa ile haikuingia jengoni bure: ilipashwa joto au ilipozwa kwanza, na kabati linaitupa nje ikiwa imeshagharamiwa. Ni kuchota maji kwa pakacha. Kulishika pakacha si kazi, kazi ni kuyafuata maji kisimani, kurudi, kisha kwenda tena kwa sababu yamevuja yote. Feni ndiyo mkono ulioshika pakacha. Safari za kisimani hufanywa na mitambo ya joto na viyoyozi.

Tupige hesabu. Hewa huingia kabatini kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Uwazi wa mbele ukiwa mita mraba 1, kabati linameza nusu mita ya ujazo kila sekunde. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 kingemalizwa hewa yote kwa dakika 2. Na kama nje kuna baridi kiasi kwamba hewa mpya lazima ipandishwe nyuzi 20, hapo unahitaji joto la kilowati 12 muda wote kioo kikiwa wazi, yaani nguvu ya balbu 1,200 za wati 10. Penye joto na unyevu hesabu hubadilika, kwa kuwa kiyoyozi hakipozi tu bali pia hukamua maji hewani, na kazi hiyo ya kukausha inaweza kuizidi ile ya kupoza. Kwa nini basi hewa isirudishwe ndani? Kwa sababu huenda imebeba sumu.

Kuna dhana nyingine inayoligharimu jengo: kwamba hewa ikivutwa kwa kasi zaidi, mkemia yuko salama zaidi. Si lazima iwe hivyo. Mwili uliosimama mbele ya kabati huikata hewa, na kasi ikizidi, vimbunga vidogo hujitokeza kifuani na kwenye ukingo wa kioo, vikaweza kuutoa mvuke nje. Hata mtu anayepita nyuma yako kwa haraka huenda zaidi ya mita 1 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa hewa ya kabati. Kinachokulinda vizuri ni kioo kushushwa, ambacho pia huzuia michirizi na vipande kitu kikilipuka. Ni nadra usalama na uokoaji wa nishati kuelekea upande mmoja namna hii, na ndiyo maana jambo hili linastahili kutangazwa zaidi kuliko vibandiko vya «zima taa».

Kioo kikishuka kutoka sentimita 70 hadi 15, hewa inayotupwa inaweza kupungua hadi karibu sehemu moja ya tano. Chuo Kikuu cha Harvard kimewahi kuwashindanisha watafiti wake, maabara kwa maabara, katika kufunga vioo.

Lakini hilo hutegemea jengo. Penye mfumo wa mtiririko unaobadilika, vali hujibana kioo kinaposhuka. Mifumo ya zamani huvuta kiasi kilekile daima: ukifunga kioo, hewa hupitia tundu la juu na hakiokolewi chochote. Tena maabara nyingi zina kiwango cha chini cha kubadilisha hewa ya chumba, na makabati yakivuta chini ya hapo, bomba jingine hufidia. Kwa hiyo kabla ya kuanzisha kampeni, mtafuteni fundi wa jengo, shusheni kioo kimoja, na mtazame naye kama kipimo cha hewa bombani kinashuka.