"Lakini Bado Anaongoza Darasa": Dhana Potofu Kuhusu Vipanga wa Sekondari

Wiki hii nimeisikia tena. Binti wa miaka 16 amekaa mbele yangu, macho mekundu, anajibu kwa neno moja moja. Mama yake anatoa simu na kunionyesha matokeo: "Hebu ona mwenyewe, ni wa kwanza. Sasa tatizo liko wapi?" Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa wanafunzi, na hakuna sentensi inayonichelewesha kumsaidia mtoto kama hiyo.

Dhana: Alama hazijashuka, kwa hiyo yuko salama.

Kwa mwanafunzi hodari, alama ndizo za mwisho kushuka. Akizidiwa hapunguzi masomo, anapunguza vingine vyote ili masomo yabaki. Kwanza unaondoka usingizi. Halafu mpira au kwaya, halafu rafiki aliyekuwa akimpigia kila Jumamosi, halafu hamu ya kula. Siku ripoti inapoonyesha kwamba amechoka, mwili na moyo vimekuwa vikisema hivyo kwa miezi mingi.

Ndiyo maana ripoti ya shule huwa naiweka pembeni na kuuliza mengine. Jana ulilala saa ngapi? Kitu gani ulikipenda mwaka jana na sasa umekiacha? Ukipata 88 badala ya 95, usiku unajiambia nini? Swali la tatu ndilo linalowatoa machozi.

Tuanze na usingizi, kwa sababu hapo ndipo nabishana na familia kila siku. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa mwenye miaka 13 hadi 18. Mtoto anayelala saa 5 au 6 atakwambia, "Mimi nimeshazoea." Hajazoea. Mwaka 2003 mtafiti wa usingizi Hans Van Dongen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani, ambamo watu wazima wenye afya walilala saa 6 au pungufu kila usiku kwa siku 14. Umakini wao uliendelea kudorora hadi wakawa kama watu waliokesha usiku mmoja au miwili mfululizo, ilhali wenyewe waliona wamechoka kidogo tu. Uwezo wa kujua kwamba umechoka nao huchoka. Kwa hiyo kumuuliza mwanafunzi kama usingizi unamtosha hakukupi jibu. Hesabu saa.

Tena kukesha akibukua kunaharibu kile anachokitafuta, maana ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana wakati mtu amelala. Na msimwite mvivu akishindwa kuamka: wakati wa kubalehe, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa usiku. Hilo ni umbile. Kwa sababu hiyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi.

Wapo wanaodhani shinikizo la kufaulu ni tatizo la walioshiba, si hatari ya kweli. Ripoti ya mwaka 2018 ya Wakfu wa Robert Wood Johnson, taasisi ya afya ya Marekani, iliweka shinikizo lililopita kiasi la kung'ara miongoni mwa mambo makuu yanayodhuru ustawi wa vijana, orodha moja na umaskini, ubaguzi na majeraha ya kisaikolojia. Narudia: orodha moja na umaskini.

Dhana: Ana akili za kuzaliwa, kwake ni rahisi.

Mtoto aliyeambiwa hivi tangu darasa la kwanza hujifunza kuficha jasho. Siku anapokwama, anaamini ameumbuka, na haulizi mtu. Msifu kwa njia aliyotumia kufika kwenye jibu, na lile jina la "kipanga" mlipumzishe hapo nyumbani.

Dhana: Wazazi ndio wanaomlazimisha.

Wapo wa hivyo. Lakini nawaona pia wazazi wanaozima taa saa 4 usiku na mtoto anawasha tochi chini ya shuka. Watafiti wa saikolojia Thomas Curran na Andrew Hill walichambua takwimu za tabia ya kutaka ukamilifu miongoni mwa wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza kuanzia 1989 hadi 2016. Kilichopanda zaidi ni imani kwamba watu wengine wanakudai uwe mkamilifu. Mtoto huyasoma madai hayo kwa mjomba ambaye swali lake la kwanza ni "umekuwa wa ngapi?", na kwenye orodha iliyobandikwa ukutani shuleni.

Dhana: Vipanga hawajui kukaa na watu.

Wanakosa muda. Wapeni muda muone.

Dhana: Akipunguza saa za kusoma atashuka.

Inategemea anasomaje. Kupitia daftari lilelile mara nne kunampa hisia kwamba anajua. Afunge kitabu, aandike anachokumbuka, kisha afungue aone alipokosea. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi kuliko waliorudia kusoma. Nawapa njia hii wanafunzi wangu wote, pamoja na alasiri moja kila wiki isiyoguswa na kitabu. Msisubiri likizo, hasa ile mliyokwisha kuijaza tuisheni.

Jambo moja halingoji hata alasiri hiyo. Akisema amechoka kuishi, au kwamba ingekuwa bora asingekuwepo, msimwache peke yake, na mpelekeni kwa daktari au mshauri siku hiyohiyo, hata kama kesho ana mtihani.